ULIZA FUNDI: Boma limenyeshewa misimu mitatu, tulibomoe au tuliezeke?

Kamwene wasomaji. Barua nyingi zilizoingia mwezi huu zinahusu madarasa ya shule za msingi vijijini, kuanzia Kilolo hadi Rungwe, kwa hiyo maswali ya nyumba za kuishi yatasubiri toleo lijalo. Nilikuwa fundi sanifu wa majengo katika halmashauri za nyanda hizi za juu kusini mpaka nilipostaafu, na hakuna kazi iliyonikaa moyoni kama darasa la kijijini. Barabara inajengwa na watu waliotoka mbali. Darasa la kijijini unaweza kusimama mbele yake ukataja nani alifyatua matofali ya ukuta huu na nani alibeba maji ya kuchanganyia zege lile. Ndiyo maana likiachwa bila paa linaniuma.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule huku Kilolo. Mwaka 2022 tulifyatua matofali, tukachoma, tukajenga boma la vyumba viwili na ofisi. Tuliishia usawa wa renta, ule mkanda wa zege wa juu ya kuta, kwa sababu bati tulizoahidiwa hazikuja. Mvua za misimu mitatu zimelinyeshea. Wengine wanataka tulibomoe tuanze upya, wengine wanasema tuezeke hivyo hivyo. Wakati huo darasa la kwanza na la pili wanapokezana chumba kimoja, hawa asubuhi, wale mchana. Tufanye nini?*

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza msibomoe, na pia msiezeke. Likagueni kwanza, na kazi hiyo inatosha asubuhi moja tu.

Mwiteni fundi mwashi mmoja ambaye hakushiriki kulijenga, ili asiwe na cha kutetea. Aje na timazi (kile kizito cha kamba kinachopima kama ukuta uko wima), kamba na msumari wa inchi nne. Aanze na timazi kila kona na katikati ya kila ukuta. Ukuta ulioinama kidogo kwa kazi mbaya ya mjengaji hautishi. Unaotisha ni ule uliokuwa wima zamani na sasa unaendelea kulala, maana yake msingi unashuka. Kisha azitazame nyufa. Ufa mwembamba unaofuata viungo vya matofali karibu na dirisha unazibika. Ufa unaotoka chini kwenye msingi na kupanda kimshazari hadi juu, mpana kiasi cha kuingiza kidole, ni dalili kwamba ardhi chini yake imetitia, na hapo msisogee hatua nyingine bila mhandisi wa halmashauri kufika.

Baada ya hapo achukue ule msumari akwangue udongo au saruji iliyo kati ya tofali na tofali, sehemu nyingi, juu na chini, upande wa mvua na upande wa pili. Saruji nzuri inakatalia msumari. Kama inamwagika kama unga, sehemu hiyo imekwisha. Agonge na tofali lenyewe: lililoiva vizuri linalia kama kengele, lililochomwa nusu linatoa sauti ya kufa, na baada ya mvua za miaka mitatu utaliona limeshaanza kumenyeka kwenye pembe.

Mara nyingi nilizokagua maboma ya namna hii, ugonjwa ulikuwa juu. Maji ya mvua yanaingia kwenye kichwa cha ukuta kilicho wazi, yanashuka kati ya matofali, yanaosha saruji. Mistari ya juu inalegea kabisa na ile ya chini bado ni mizima. Dawa yake si kubomoa boma zima. Ondoeni mistari ya juu mpaka mfike penye uzima, safisheni, jengeni upya sehemu hiyo kwa saruji, na hapo hapo mmwage renta kuzunguka jengo zima bila kukatika. Jengo ambalo renta yake inaishia juu ya milango na madirisha peke yake halijafungwa. Renta inayozunguka ndiyo inayozishika kuta zote nne zivutane pamoja, na ndiyo itakayobeba kenchi, yaani fremu za mbao zinazoshika paa.

Hapo kwenye renta ndipo vijiji vingi vinapobania saruji, kwa hiyo andikeni vipimo hivi ukutani kwa mkaa kama ikibidi. Kwa kila mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba, zile ndoo za lita 20, zikiwa zimejaa na kusawazishwa mdomoni. Maji ni ndoo moja na kidogo. Fundi akiomba maji zaidi ili zege limiminike kirahisi, mkatalieni, kwa sababu zege la uji likikauka linabaki na vitundu. Nondo nne za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi, na pale nondo moja inapoisha na nyingine kuanza zipandane nusu mita. Mwagilieni asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Mkimwaga Juni au Julai, mfunike usiku kwa nyasi kavu au magunia na mchelewe kufungua mbao, maana baridi yetu inachelewesha zege kukaza, na huko juu Makete na Kitulo umande unaganda kabisa.

Sasa niseme neno ambalo naliamini sana. Hesabu ya darasa ianzie kwenye paa. Mawe, mchanga, matofali, maji na mikono vyote vipo kijijini, kwa hiyo nguvu za wananchi zinatosha kupandisha kuta. Bati, misumari, nondo, saruji na dawa ya mbao ni fedha taslimu. Kijiji kinachoanza na kile kilicho rahisi kinafika usawa wa renta kwa shangwe, halafu kinakwama mahali ambapo hakuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, unaoweza kukikwamua. Nendeni dukani kwanza, ulizeni bei ya bati geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) kwa jengo zima, jumlisheni kenchi, nondo na saruji. Hiyo ndiyo bei ya darasa. Kama mnaona mtapata nusu yake, jengeni chumba kimoja mkiezeke, msijenge viwili vikabaki wazi.

Kuhusu fedha za kumalizia: mihtasari ya mikutano yenu na picha za boma ziende kwa mtendaji wa kata zifikishwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti inapangwa miezi mingi kabla. Barua ikifika Mei imechelewa. Pelekeni kabla ya Desemba. Andikeni pia kwa mfuko wa jimbo, ambao sheria yake ya mwaka 2009 iliuweka kwa ajili ya kuchochea kazi walizoanzisha wananchi wenyewe. Boma lenye kuta nzima na renta iliyokwisha kumwagwa lina hoja nzito kuliko kiwanja kitupu.

Mkishindwa kuezeka kabla ya mvua za Novemba, funikeni vichwa vya kuta. Mstari mmoja wa matofali yaliyolazwa kwa saruji na kupigwa lipu juu, ukiinamishwa kidogo maji yateremke nje, utaliokoa boma lenu msimu mzima.

*Mwanangu, kamwene. Mimi ni bibi huku Makete, nalea wajukuu wanne, wazazi wao walifariki. Barua hii ananiandikia mjukuu wa darasa la tano. Tuliambiwa kila kaya itoe shilingi 15,000 za darasa na anayeshindwa watoto wake watarudishwa. Mimi sina. Wiki iliyopita wawili walirudi nyumbani. Je, ni halali?*

Shikamoo Bibi. Si halali, na wajukuu warudi darasani kesho asubuhi. Wewe mjukuu unayemsomea, soma hapa polepole ili asikie vizuri.

Elimu ya msingi haina ada wala mchango wa lazima. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza wajibu wa kila upande, serikali, wazazi na jamii, na kushiriki kwa jamii katika ujenzi kumebaki kuwa jambo la kujitolea. Januari 2018 Rais Magufuli, aliyekuwa madarakani wakati ule, alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni na akataka walimu wasishike fedha hizo kabisa. Anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mtoto hana deni la bati. Hazuiwi masomo kwa sababu ya kitu ambacho mlezi wake hakuwa nacho.

Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na mtu mzima mwingine, ikiwezekana balozi wako, umweleze hivyo kwa upole. Akikataa, nenda kwa afisa elimu kata. Usiogope, Bibi, hujavunja chochote.

Nawaambia na viongozi wanaosoma hapa. Najua mnavyohangaika, na najua darasa halijengwi kwa maneno. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unapopanga kiwango cha kuchangia, katika mkutano huo huo isomwe orodha ya kaya zitakazosamehewa: wazee wanaolea yatima, wagonjwa, wenye ulemavu wasio na msaada. Kaya nyingi za namna hiyo mnazijua, na baadhi zimo tayari kwenye orodha ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Na wale wenye nguvu lakini hawana fedha wapewe kazi badala yake. Kijiji cha wakulima hakina fedha kabla ya mavuno. Kinazo baada ya mavuno. Kuweka siku ya mwisho ya mchango katika mwezi ambao ghala ni tupu ni kuwaumiza watu bure, na bado fedha hazitapatikana.

*Mzee shikamoo. Mimi ni mwalimu mkuu Wanging'ombe. Madarasa yetu mawili ni ya enzi ya vijiji vya ujamaa, kuta zimepasuka, tumeyafunga. Halmashauri imetuahidi kumalizia tukifikisha renta. Tatizo wananchi hawaji. Nikiita msaragambo wanakuja watu kumi na wawili. Wanasema zamani walichanga, fedha zikaliwa. Nitawarudishaje?*

Marahaba, Mwalimu. Hao watu hawajachoka kufanya kazi. Wamechoka kutosomewa mapato na matumizi, na wana haki.

Kwanza kuhusu majengo yako, ili uwaeleze vizuri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Vijiji vilijenga kwa kasi, kwa moyo mkubwa, na mengi yalijengwa kwa tofali lililounganishwa na udongo, msingi mfupi, bila renta. Walivyokuwa navyo ndivyo walivyotumia, na kizazi kizima kilijifunza kusoma ndani yake. Kulifunga jengo lililopasuka ni uamuzi sahihi. Ukibomoa, matofali yanayolia vizuri yatengwe, yatafaa kwa kuta za ndani au choo, lakini mawe ya msingi yatolewe yote na msingi uchimbwe upya mpaka kwenye udongo mgumu.

Sasa watu. Usianze kwa kuita msaragambo. Anza kwa kuomba mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti. Agenda ya kwanza iwe fedha za zamani. Mtendaji aseme kilichojulikana, hata kama ni kibaya. Watu watapaza sauti. Waache wapaze. Bila hapo hutaenda popote.

Kisha zichaguliwe kamati tatu, ujenzi, manunuzi na mapokezi, kama utaratibu wa fosi akaunti unavyotaka, yaani ule wa kutumia mafundi wa hapo hapo badala ya mkandarasi. Watu wengi wanaona kamati tatu ni mzigo. Mimi naona ndiyo kinga yako wewe mwalimu. Anayenunua asiwe anayepokea. Lori la saruji likifika, wanaohesabu mifuko wawe watu wengine, na mmoja wao awe mama ambaye hana undugu na mtu yeyote wa manunuzi. Wewe mwenyewe usishike fedha mkononi hata kwa saa moja. Zote benki, zote kwa stakabadhi.

Na ufungue daftari la nguvu kazi. Kuna kijiji kimoja nilichosimamia ambako mwenyekiti alikuwa akifungua kila mkutano kwa kusoma daftari hilo, jina kwa jina: huyu mawe toroli tatu, huyu siku mbili za kuchimba msingi, huyu debe la mahindi kwa chakula cha mafundi. Mara ya kwanza mama mmoja alisimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni, akasema ndoo zake sita za maji hazikutajwa. Mkutano ulinyamaza. Mwenyekiti hakumwambia kwamba ni maji tu. Alimwita mtendaji aziandike pale pale, akamsomea tena jina lake na ndoo zake sita, ndipo akaendelea. Msaragambo uliofuata tulikosa majembe ya kuwagawia watu.

Thamini kazi hizo kwa fedha. Toroli la mawe lina bei yake hapo kijijini, siku ya kibarua ina bei yake. Ukijumlisha utashangaa ukubwa wa mchango wa wananchi, na jumla hiyo iende kwenye barua ya halmashauri. Bandika nakala kwenye ubao wa matangazo wa shule na dukani penye watu wengi.

Gawa kazi kwa vitongoji, kila kitongoji na siku yake na ukuta wake. Tanuru la matofali liwashwe kati ya Julai na Septemba, jua likiwa bado kali. Udongo wa kichuguu unatoa tofali gumu, ukiwa karibu utumieni. Mawe na mchanga vikusanywe mapema kabla ya mashamba kuanza kuita. Kama kuna ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wa kuwashukuru watu, uletwe baada ya zana kuhesabiwa na kufungiwa stoo, maana mtu aliyekunywa hapandi jukwaa.

Jambo moja nakuomba sana, Mwalimu. Wanafunzi wasibebeshwe matofali. Najua ile desturi ya kila mtoto kuja na tofali moja asubuhi. Mtoto wa miaka saba aliyetembea kilomita tatu na tofali bichi kichwani anafika amechoka, na tofali lenyewe linafika limevunjika pembe. Wao kazi yao ni kusoma. Hilo jengo ni deni la watu wazima.

*Mzee, shule yetu huku Mufindi ina shamba la misindano (mipaini). Mfanyabiashara anasema atatupa bati za madarasa mawili na mbao za kenchi tukimpa miti yote ikiwa imesimama. Kamati imegawanyika. Ushauri wako?*

Msikubali leo. Huenda ni biashara nzuri, lakini hamjui mnauza nini. Muiteni afisa misitu wa halmashauri aje kupima miti, urefu na unene, apige hesabu ya ujazo. Mkishajua thamani ndipo mlinganishe na bei ya bati dukani. Uamuzi wa kuuza uende mkutano mkuu, wanunuzi zaidi ya mmoja waitwe kushindana, na malipo yaingie benki, si kubadilishana kitu kwa kitu ambako hakuna anayeweza kukagua. Mnaishi jirani na Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la serikali, soko la mbao liko mlangoni kwenu. Wanunuzi hawatakosekana.

Kuhusu mbao za kenchi, hapa niwe mkali. Huku kwetu miti inakatwa michanga sana, mingine haina miaka kumi. Mbao ya mti mchanga inapinda inapokauka. Ikipigiliwa ingali mbichi, misumari inalegea yenyewe, kenchi inalala, na mwaka wa pili mnaona paa lina bonde katikati. Chagueni miti iliyokomaa zaidi kwa ajili ya kenchi, pasueni, pangeni mbao kivulini na vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite, juu mweke mawe mazito zisijikunje. Zikae mpaka zikauke kweli, kisha zipelekwe kwenye mtambo wa kutia dawa kwa shinikizo. Kupaka oili chafu kwa brashi hakuzuii mchwa wa Mufindi. Na fedha itakayobaki, nunueni miche. Shamba lililokatwa lipandwe upya mvua za mwanzo zikianza, kabla kiwanja hakijapata mwenyewe mwingine.

*Upepo uliezua paa la darasa letu Mbarali, bati zote zikaenda na mbao zake. Tunaezeka tena. Kosa lilikuwa wapi?*

Kama bati zilienda na mbao zake, basi misumari ya bati ilishika vizuri na kilichoachia ni kenchi kutoka ukutani. Kenchi zilikuwa zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu. Safari hii, wakati wa kumwaga renta, chomozeni vipande vya nondo nyembamba kila mahali kenchi itakapokaa, vizunguke ule ubao wa juu ya ukuta na mguu wa kenchi, vikunjwe na kupigiliwa. Kama renta ipo tayari, fundi wa chuma atoboe afunge kwa bamba. Bati ziwe geji 28. Kumbukeni namba ikipanda bati inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo anayewauzia geji 30 kwa bei nafuu anawauzia karatasi. Kingo za paa zisichomoze sana nje, upepo hupenda kuinulia hapo. Kwa ndugu zangu wa Rungwe ambako mvua ya mwaka pale Tukuyu inapita milimita 2,000, ongezeni mwinuko wa paa na mtaro wa saruji kuzunguka jengo, maana maji ya paa yakidondokea mguuni pa ukuta kila siku yatachimba msingi. Panda miti ya kukinga upepo, lakini mlingoti, yaani mkaratusi, ukae mbali na jengo.

*Shikamoo Mzee. Sisi ni vijana tuliosoma shule moja ya msingi kijijini Mbozi, sasa tupo Dar es Salaam na Mbeya mjini. Kwenye kundi letu la WhatsApp tumechanga fedha tunataka kujenga darasa jipya kama kumbukumbu yetu. Tumtumie mwalimu mkuu kwenye simu?*

Marahaba wanangu. Mmefanya jambo kubwa, na nimefurahi kuona hamkusahau mlikotoka. Ila msimtumie mwalimu kwenye simu. Mtamwingiza kwenye matatizo hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa serikali ya kijiji na kamati ya shule, muombe namba ya malipo au akaunti rasmi ya shule, na kwenye barua mtaje fedha ni za kazi gani hasa, ili zisihamishiwe kwingine.

Na kabla ya kuamua ni kazi gani, tumeni watu wawili wakaangalie. Inawezekana kabisa shuleni kuna boma limesimama bila paa kama lile la Kilolo. Kama lipo, liezekeni hilo. Natambua mnataka jengo litakaloandikwa kumbukumbu yenu, na mnaweza kuliandika hilo hilo mkishalimaliza. Watoto wataingia miezi miwili baadaye, badala ya kusubiri msingi mpya uchimbwe. Mkikuta madarasa yanatosha, hesabuni vyoo. Kipimo cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na shule nyingi nilizozipitia zilikuwa mbali sana na hapo. Wasichana wa darasa la sita na la saba ndio wanaoumia zaidi, na wengine hubaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hakuna mahali pa faragha penye maji. Choo hakipendezi kwenye picha kama darasa, lakini ningekuwa mmoja wenu ningekipigia kura.

Kama mtaamua darasa, ramani iombwe halmashauri, msichore yenu. Kipimo kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa chumba, na jengo lisilofuata ramani iliyokubaliwa linaweza kuzuiwa likiwa limeshakula fedha zenu. Wakikwambieni kuna boma, pimeni urefu na upana wa jengo kwa nje, na urefu wa ukuta kutoka ardhini, mniandikie vipimo hivyo pamoja na picha ya kichwa cha ukuta. Toleo lijalo nitawapigia hesabu ya bati, kenchi na misumari, hatua kwa hatua, mwende dukani mkijua mnachokitafuta.